Neno Alilosema Rajmund

Ungemwona Rajmund Piecha njiani, usingemdhania hata kidogo kuwa shabiki wa tamthilia ya anga. Alikuwa pande la mtu, shingo fupi, mikono ina michirizi ya buluu pale makaa yalipoingia chini ya ngozi miaka mingi iliyopita yakagoma kutoka. Alikuwa mwokoaji wa mgodini, kiongozi wa kikosi. Moto ukizuka chini, wengine wanapanda mbio, yeye na wenzake wanashuka. Lakini kila Jumamosi alasiri, akiwa amechana nywele zingali na maji, angeingia maktabani kwangu, akae kwenye kiti kilichokuwa karibu na bomba la joto, na kuuliza, "Łucja, deki ya video inafanya kazi leo?"

Mimi ndiye niliyekuwa mtunza maktaba katika nyumba ya utamaduni ya wachimbaji, hapa kwetu Silesia, jimbo la makaa. Tamthilia yenyewe iliitwa *Wapelelezi wa Ukingo*. Ilirushwa siku ya Ijumaa, saa ambayo nusu ya mji iko chini ya ardhi kwa zamu ya mchana, kwa hiyo nikawa nairekodi na kuionyesha siku ya pili yake. Mwanzoni walikuja watu wengi, wengine wakiwa na watoto. Baadaye, majitu ya mpira yalipopungua na chombo cha angani kikawa kinakaa sehemu nzima kimesimama huku watu wakibishana ndani yake, umati nao ukapungua. Tukabaki sisi wanne: mimi, Rajmund, na Hubert Szymura na mkewe Gizela.

Hubert alikuwa fundi umeme wa mgodi uleule. Yeye na Rajmund walisoma pamoja shule ya ufundi, wakashuka shimoni kwa mara ya kwanza siku moja. Gizela aliuza mikate kwenye duka la pembeni mwa kanisa. Rajmund alifiwa na mke mapema, na binti yake aliolewa Ujerumani, basi Jumapili alikula kwa akina Szymura, matonge ya viazi na nyama ya kukunja na kabichi jekundu, na hakuna aliyemkaribisha kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kumkaribisha mtu wa nyumbani.

Kwenye runinga yetu, maneno ya filamu za kigeni husomwa kwa lugha yetu na mtu mmoja. Mwanamume, mwanamke, mtoto, jitu la sayari nyingine, wote wana sauti moja nzito isiyopanda wala kushuka. Hubert alikuwa anamwigiza huyo msomaji mpaka tunashika mbavu. Gizela akimfokea kwa kuacha viatu mlangoni, yeye angemtafsiria pale pale kwa sauti ileile: "Nimechoka na mwanamume huyu. Moto umefika injini ya pili. Nipe keki."

"Shenzi wewe," angesema Gizela, huku akimkatia keki ya mbegu za popi.

Hubert alikuja kwa ajili ya vichekesho. Gizela alikuja kwa ajili ya hadithi. Rajmund, nilivyokuja kuelewa, alikuja kwa ajili ya ubishi. Wiki nzima alikuwa mtu wa amri fupi fupi. Pale maktabani kulikuwa na mahali ambapo mtu anaweza kuuliza jambo kubwa bila yeyote kuumia.

Ubishi mkubwa kuliko wote ulikuwa wa sehemu ya mlango. Moto umewaka kwenye injini. Mhandisi kijana, Dessi, amenaswa upande wa pili. Kapteni Orlave anasimama mbele ya mlango wa chuma, Dessi anagonga, anagonga, kisha kunakuwa kimya. Kapteni anabonyeza kitufe, mlango unazibwa, chombo kinaokoka. Dessi haonekani tena.

Gizela hakusubiri hata nizime deki. "Angengoja! Mtoto wa watu yuko mlangoni, na huyu bibi anamfungia kama anayefunga kabati!"

"Alingoja," alisema Rajmund. "Alifunga baada ya kugonga kuisha."

"Kuacha kugonga siyo kufa, Rajmund! Mtu anaweza kuchoka. Anaweza kukaa chini apumzike."

"Nyuma ya kapteni kuna watu mia mbili. Ukiacha mlango wazi moto unavuta hewa. Unakuja wenyewe."

"Mimi naongea habari za moyo, wewe unaniletea habari za hewa."

"Bila hewa moyo ni wa nini?"

"Haya, wazee," Hubert aliingilia huku mdomo umejaa, "ningekuwa mimi ndani humo, Gizela angeubomoa mlango kwa mwiko."

"Wewe nyamaza, ule keki yako," alisema Gizela, kisha akamgeukia Rajmund tena. "Niambie kweli. Siyo kapteni, wewe. Ungelala usiku?"

Rajmund alifikiri kwa muda mrefu. Tulikuwa tumeshazoea, ukimuuliza swali lazima umpe nafasi. Mwishowe akasema, "Sijui. Ila wale mia mbili wangelala."

"Hilo siyo jibu," alisema Gizela, na mimi pia niliona siyo jibu. Waliondoka wakiendelea kubishana ngazini, na nikasikia kuwa ubishi ule uliendelea hadi kwenye foleni ya mikate Jumatatu, watu wakiuliza ni nani huyo aliyefungiwa na kama ni mtu wa mtaa wetu.

Ajali ilitokea Jumanne moja ya mwezi wa Machi, zamu ya asubuhi. Hatukusikia mlipuko; huwa hausikiki huku juu. Tulichoona ni magari ya wagonjwa ya miji jirani yakipita kwa kasi kuelekea getini, moja baada ya jingine, na mjini kwetu ukiona hivyo huulizi. Nilifunga maktaba. Gizela nilimkuta tayari yuko getini, bado amevaa aproni, unga mikononi.

"Hubert hayuko kule wanakokata makaa," aliniambia kabla sijamsalimu. "Yeye ni wa umeme. Anakaa kwenye transfoma. Sivyo?"

Ilikuwa sivyo. Asubuhi ile waya uliharibika kule mbele wanakokata makaa, akaitwa. Gesi ya methani iliwaka. Waliokuwa karibu na njia walitoka, wengine wameungua, wengine wanatembea wenyewe. Watatu hawakutoka. Mmoja wa watatu hao alikuwa Hubert Szymura.

Kikosi cha kwanza kushuka kilikuwa cha Rajmund.

Yaliyotokea chini nilihadithiwa baadaye na Ginter Kuczera, mmoja wa watu wake, jikoni kwake, huku anachezea kijiko asinitazame. Alisema moshi ulikuwa mzito hata walishikana mikanda kama watoto wa chekechea. Joto lilipenya kwenye buti. Walifika mahali ambapo dari limeanguka na njia imeziba, imebaki tu bomba la hewa linalopita chini ya mawe kwenda upande wa pili. Mchimbaji aliyenaswa hugonga bomba. Ndivyo tunavyofundishana kizazi hadi kizazi. Rajmund alipiga magoti, akagonga kwa nyundo, akalaza kichwa juu ya bomba. Akagonga tena. Akasikiliza.

Vipimo vya gesi vilikuwa vinapanda. Juu, mkuu wa uokoaji alikuwa na namba zote mezani, na amri ilikuwa yake. Lakini aliuliza kwa simu, kama mtu mwenye busara anavyouliza, "Piecha, wewe ndiye uliye hapo. Unasemaje? Tuendelee kuchimba, au tuzibe?"

"Alinyamaza," Ginter alinieleza. "Nilidhani simu imekatika. Akarudi kwenye bomba, akagonga mara nyingine, akasikiliza. Kisha akashika simu akasema neno moja. Fungeni."

Walijenga ukuta wa jasi kuziba njia, ili moto ukose hewa ufe wenyewe. Rajmund alibeba mifuko mwenyewe ingawa kiongozi hapaswi kubeba. Walipomaliza hakuna kilicholipuka upande wa pili. Labda ni kwa sababu ya ukuta. Labda kisingelipuka kamwe. Mpaka leo hakuna anayeweza kusema.

Alipanda juu alasiri. Kulikuwa na mtu wa ofisi aliyeandaliwa kuja kutusomea tangazo getini, amevaa tai nyeusi, lakini Rajmund alimpita, uso bado una masizi isipokuwa duara la barakoa, akatembea moja kwa moja hadi kwa Gizela. Wanawake wakajitenga kumpisha.

"Gizela. Tumefunga."

Hakuelewa, au alikataa kuelewa. Kisha akauliza, "Nani kasema mfunge?"

Angeweza kumtaja mkuu. Ingekuwa kweli, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Mimi," alisema.

"Alikuwa anagonga?"

"Hapana."

"Wewe uligonga?"

"Niligonga. Niligonga sana, Gizela."

Alimpiga kifuani kwa mikono yote miwili, mara moja, unga ukabaki kwenye koti lake jeusi. Kisha akalishika koti lile akaling'ang'ania, kichwa kimeinama, na Rajmund akasimama tu, mikono chini, kama mtu ambaye hana ruhusa ya kumgusa. Walikaa hivyo mpaka dada yake Gizela alipokuja kumchukua.

Sehemu iliyozibwa haifunguliwi kesho yake. Lazima moto ufe kabisa, mawe yapoe. Ikapita majira ya kuchipua, ikapita kiangazi. Muda wote huo Hubert hakuwa na kaburi. Padri alisoma misa, lakini misa bila jeneza inamwacha mtu ananing'inia. Gizela aliendelea kuuza mikate. Nilimwona akiwarudishia watu chenji kisha akisahau kuwapa mkate, nao wanasimama tu, wanaona haya kumkumbusha.

Mji ukagawanyika. Wengine walisema Rajmund aliokoa vikosi vizima. Wengine walisema amemzika rafiki yake mzima mzima, na hawa hawakulisema kwa sauti ndogo. Yeye hakuwajibu hawa wala wale. Alianza kununua mkate upande wa pili wa mji, kwenye duka baya, ili Gizela asilazimike kumhudumia. Jumapili alikula mwenyewe, na Jumamosi hakuja.

Mimi niliendelea kurekodi. Sijui kwa nini. Labda kwa mazoea. Niliwasha deki, nikaangalia peke yangu kwa muda, nikazima.

Mwezi wa Juni Gizela alikuja. Alisimama mlangoni, amevaa nyeusi, akasema, "Nipe ile kanda ya mlango."

"Gizela, usijitese mama."

"Nimekuomba kanda, sikukuomba ushauri."

Nikaiweka. Tuliangalia wote wawili, sehemu nzima. Kapteni alifunga mlango. Majina ya waigizaji yalipoanza kupita Gizela akasema, "Analia. Mara ya kwanza sikuona kwamba analia."

"Ndiyo, kidogo."

"Sasa nionyeshe inayofuata."

Nilimwekea inayofuata. Chombo kinafika kwenye sayari ya masoko, kuna mfanyabiashara mwenye masikio makubwa, kapteni anapatana naye bei, anacheka. Gizela aliangalia mpaka pale pa kicheko akanyanyua mkono nizime.

"Umeona?" alisema. "Wiki moja tu, na anacheka. Hakuna anayemtaja Dessi. Tulikuwa tunabishana kama alifanya sawa au hakufanya sawa, hakuna hata mmoja wetu aliyesema neno kuhusu hili." Alifuta uso kwa kiganja. "Rajmund nilimwona juzi kituo cha basi. Amekuwa kizee, Łucja. Suruali inamvuka. Nilitaka kumsalimu, miguu ikakataa."

Walifungua ule ukuta vuli ilipoanza. Waliwakuta wote watatu karibu karibu. Madaktari wakawapima, wakasema waliungua na kuishiwa hewa papo hapo, moto ulipowaka tu, kabla king'ora hakijalia, kabla Rajmund hajavaa hata mtungi wake wa hewa. Wakati yeye anagonga bomba, hapakuwa na mtu wa kumjibu.

Habari hiyo ilienea mjini siku hiyohiyo, na watu wakaona jambo limekwisha. Waliomtukana Rajmund sasa walivuka barabara kumpa mkono. "Umeona? Ulikuwa sahihi! Sasa tulia mzee, unywe bia yako." Nilimkuta kwenye ngazi za maktaba, ameketi, kofia magotini, kama aliyekusudia kuingia akaishia hapo. Nikaketi pembeni yake. Nami kwa ujinga wangu nikasema yaleyale waliyosema wengine, kwamba angalau sasa anajua.

"Ninajua leo," alinijibu. "Siku ile sikujua. Niliposema fungeni, Łucja, mimi nilikuwa nazungumza juu ya mtu aliye hai. Kichwani mwangu Hubert alikuwa hai, amekaa chini, amechoka kugonga. Na bado nilisema."

Tulikaa mpaka baridi ikatuinua.

Siku ya mazishi bendi ya mgodi ilipiga, wanaume wamevaa kofia zao zenye manyoya, mvua inawanyeshea. Gizela alinituma nimwambie Rajmund abebe jeneza, upande wa mbele. Nilidhani atakataa. Alikuja, amenyoa, sare imempwaya mabegani, akabeba kutoka kanisani hadi kaburini bila kubadilishana na mtu, wakati wenzake wote walibadilishana. Baada ya udongo kujaa, Gizela alimfuata.

"Kesho ni Jumapili," alimwambia. "Njoo ule."

Akaja. Mimi pia niliitwa, nadhani ili mezani pasiwe na kimya. Gizela alikuwa amepika vilevile kama zamani. Tuliongea habari za mvua, za paa la kanisa, za binti yake Rajmund aliyepata mtoto wa pili. Rajmund alikata nyama vipande vidogo vidogo, akavipanga, asile. Gizela aliona, akasema kwa upole, "Kula, Rajmund. Mimi sina neno na wewe. Nakuapia mbele ya Mungu, sina."

"Najua," alisema. "Ungekuwa nalo ingekuwa rahisi."

Alisimama, akashukuru, akachukua kofia yake. Gizela alimwita hadi mlangoni, akamwita kwenye ngazi, kisha akarudi akaketi, tukatazama sahani ile bila kujua tuifanye nini. Hakuja tena.

Aliacha uokoaji, akaomba kazi ya juu. Wakampa chumba cha taa, awagawie wachimbaji taa zao wanaposhuka na kuzipokea wanapopanda. Wanasema zamu ikiisha alikuwa hatoki mpaka taa ya mwisho irudi, hata kama zamu yake yeye imeshapita, hata kama mwenzake wa kupokea kazi amesimama hapo anamwambia nenda nyumbani. Pensheni ilipofika, binti yake alikuja akamchukua Ujerumani. Hakuaga watu wengi. Mimi alinipa mkono maktabani akasema, "Deki itunze."

Tamthilia iliendelea miaka kadhaa, wakabadilisha waigizaji, wakambadilisha hata msomaji, tukalalamika. Gizela alikuwa ameanza kuja tena Jumamosi, mimi na yeye tu. Sehemu ya mwisho kabisa iliporushwa hatukuingoja Jumamosi. Tuliiangalia Ijumaa ileile nyumbani kwake. Ilipokwisha, Gizela akatoa namba kwenye mkoba, akapiga simu Ujerumani, akashika kipokeo katikati yetu ili nami nisikie.

"Rajmund? Gizela hapa. Uliangalia?"

Huko nako inaonyeshwa, kwa lugha yao. Kulikuwa na kikohozi kirefu kwanza. Kisha ile sauti yake ya polepole. "Niliangalia. Wamemaliza vibaya."

"Vibaya mno! Wamewarudisha wote nyumbani. Hata waliopotea tangu mwanzo! Nani ataamini?"

Alinyamaza, nasi tukampa nafasi kama zamani.

"Hakuna wa kuamini," alisema. "Ila niliiangalia mara mbili. Mjukuu alinirekodia."

Gizela alifunga macho. Alichosema mwishowe ni, "Huko unakula?"

"Nakula."

"Muongo wewe."

"Kidogo nakula."

Baada ya hapo walipigiana mara chache, Krismasi na sikukuu ya Mtakatifu Barbara, ambaye ni msimamizi wa wachimbaji. Walizungumza habari za afya na hali ya hewa. Majira ya baridi ya pili mapafu yakamshinda, yale mapafu ya watu wa makaa ambayo hayaponi. Binti yake alipiga simu siku ya kazi, asubuhi, na Gizela alipokea akiwa amesimama. Rajmund alizikwa kulekule. Ilikuwa mbali, njia zilikuwa na barafu, nasi hatukuwa vijana, hatukwenda. Mji mzima hakwenda hata mmoja.

"Wangemleta hapa," Gizela aliniambia baadaye, tukiwa tunatoka kanisani. "Huko nani anamjua? Kwao ni babu wa mtu tu, mgeni asiyejua lugha."

Siku ya Watakatifu Wote, makaburi yetu yanapojaa mishumaa hata ukungu unakuwa mwekundu, mimi na Gizela huenda kwenye kaburi la Hubert. Yeye hufagia majani, hufuta jiwe kwa kitambaa, kisha huwasha mishumaa miwili. Mwaka jana jirani mmoja, mwanamke aliyehamia hivi karibuni, alimuuliza wa pili ni wa nani, mbona kwenye jiwe kuna jina moja.

"Wa rafiki yake," alijibu Gizela, akiukinga ule wa pili na upepo kwa viganja mpaka ukashika.